Joto la Maji ya Kumwogesha Mtoto

Nyuzi 34

Enzi zile, ukifika Kihulila saa nane mchana ungedhani umekuta msiba mkubwa. Maduka yamefungwa, shule kimya, pikipiki zimeachwa barabarani bila mwenyewe, na hata mashine ya kusaga imezimwa mahindi yakiwa nusu. Hapakuwa na msiba. Tulikuwa tumelala, na tukilala tulikuwa msituni.

Nieleze polepole, maana wageni huniona nimechanganyikiwa. Kituo chetu cha umeme kilichoma makaa ya mawe kwa miaka hamsini. Makaa yalichemsha maji, mvuke ukazungusha mtambo, kisha mvuke ukapozwa kwa maji ya bwawa, nayo maji hayo yakarudi bwawani yakiwa na joto. Katika milima hii ya Upangwa, ambako mwezi wa saba umande huganda juu ya majani ya viazi, sisi tulikuwa na bwawa la maji vuguvugu mwaka mzima. Kazi yangu, kwa miaka ishirini na sita, ilikuwa kulizunguka kila asubuhi nikiwa na kipimajoto na daftari. Jina langu ni Kresensia Haule, lakini watu waliniita Mama Kipimo. Nilipolalamika wakazidi kuniita hivyo, basi nikawaachia.

Mwaka wangu wa saba kazini, watafiti walileta ndoo tatu za ute wa kahawia. Kilikuwa kiumbe kilichotengenezwa maabara kwa ajili ya kula sumu za zebaki na risasi zilizokuwa zikivuja kutoka kwenye lundo la majivu. Kilikula kweli. Kilikula hadi kikaenea eka nane, chembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, kitu kimoja kutoka ukingo hadi ukingo. Tukakiita Mkeka. Jambo ambalo watafiti hawakuliandika kwenye makaratasi yao ni pumzi yake. Ukungu ukishaondoka na jua kuukolea, yaani saa nane, Mkeka ulitoa harufu ya udongo ulioonja mvua ya kwanza, na kila aliyelala ndani ya harufu hiyo aliota msitu uleule.

Miti yake ilikuwa na majani marefu, mapana, yenye umbo la ulimi wa ng'ombe. Hapakuwa na ndege wala ua hata moja. Hakuna aliyesema neno, si kwa kukatazwa, ila maneno hayakuja. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Fridolina Mgaya, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuwa na mzizi wake mnene. Mwalimu mkuu aliketi kando ya maji meusi akiwa amevua viatu. Ungewaona jirani zako kwa mbali katikati ya mashina, mkatikisiana vichwa, mkaendelea kukaa. Saa tisa mnaamka, mnakunywa chai, mnarudi kazini. Ndiyo maana huku kwetu ukishamsalimu mtu "kamwene", unamuuliza, "Uliketi wapi?"

Watafiti walisema makaa yetu ya mawe yalikuwa msitu wa namna hiyo, kabla dunia haijajua ua ni nini. Mkeka unaokula majivu ulilijuaje umbo la jani? Hapo walikuna vichwa. Mimi si mtafiti, na sikuwahi kuhitaji jibu. Nilihitaji saa nane ifike.

Nilihitaji ifike kwa sababu ya mama yangu. Mama Ludgera alipigwa na kiharusi miaka mitano kabla ya hayo ninayosimulia. Kilichukua miguu yake na maneno yake, kikamwachia mkono wa kushoto, nao ndio tuliozungumza nao: kuminya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza asipate vidonda. Halafu saa nane nililala kwenye jamvi kando ya kitanda chake, na msituni nikamkuta anatembea. Watu wote waliketi, yeye alitembea. Alipita kati ya miti mikono ikiwa nyuma, mwendo wake uleule wa kukagua mashamba ya watu, na mimi nikakaa mahali pangu nikimtazama. Sina aibu kusema kwamba saa hiyo moja ndiyo iliyonifanya nisimchukie Mungu.

Basi akaja Mhandisi Sabas Mwinuka na mradi mkononi. Sabas ni mtoto wa hapa hapa, aliyekua akicheza na watoto wa kaka yangu, na hakuacha kuniita Shangazi hata mbele ya wakubwa wake. Alituita kwenye ukumbi wa kituo, akatueleza kwamba makaa yamefika mwisho. Tanuri litajazwa mchanga. Mchanga utapashwa kwa umeme wa jua na upepo hadi uwe mwekundu, na siku za ukungu joto hilo ndilo litakalouzungusha mtambo uleule wa zamani. Moshi utakwisha. Tulishangilia, nami nikiwamo, kwa sababu baba yangu alikufa akikohoa na wa Fridolina pia.

Fridolina ndiye aliyeuliza Mkeka utakwenda wapi. Sabas hakudanganya. Alisema mvuke wa mfumo mpya utapozwa kwa hewa, bwawani halitamwagwa joto hata la kuoshea kikombe, kwa hiyo bwawa litapoa. Kulipasha kwa umeme kungekula theluthi ya umeme wa wilaya nzima, na alikuwa ameshaomba akakataliwa. Kuacha tanuri moja likiwaka kungetaka malori manne ya makaa kila siku, ili kukipa joto kiumbe kilicholetwa kusafisha uchafu wa makaa hayo hayo. Aliposema hivyo aliangalia chini, na ukumbi ukaangalia chini pamoja naye.

Fridolina akanigeukia mimi. "Mama Kipimo, Mkeka unataka joto kiasi gani?"

Ningesema nyuzi thelathini na nne, nikakaa, namba hiyo isingemkaa mtu kichwani. Lakini nina ugonjwa wa kutaka kueleweka. Nikasema, "Joto la maji ya kumwogesha mtoto."

Hakuna mama wa Kihulila asiyelijua joto hilo kwa kiwiko chake.

Nyuzi 31

Tanuri lilizimwa Jumatatu. Jumatano bwawa lilikuwa limeshuka nyuzi tatu, na pembezoni Mkeka ulianza kukunjamana.

Hapa kwetu moto ukikuzimikia huendi dukani kutafuta kiberiti. Unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapalia kaa moja la moto, unarudi nalo kwako. Hakuna anayenyimwa, hata na adui yake, kwa sababu moto haupungui kwa kugawiwa. Nimelelewa hivyo. Nadhani ndiyo maana Alhamisi alfajiri sikujiona mwizi nilipokwenda bwawani na kisu cha kukatia mkate na beseni la mama la kuogea.

Nilikuwa na kitu kiunoni kila siku ya kazi, kioo kidogo chenye sindano. Ndani ya nyuzinyuzi za Mkeka ulipita umeme hafifu mno, na waya mbili, moja ukingo wa mashariki na nyingine ukingo wa magharibi, ziliupima. Kwa miaka kumi na tisa sindano ile ilikuwa ikienda na kurudi taratibu, kama mtu anayebembeleza. Nilipiga magoti upande wa mashariki, nikazamisha kisu. Sindano, ikisoma waya wa magharibi ulio mita mia mbili kutoka pale, iliruka hadi mwisho wa kioo, ikabaki pale inatetemeka.

Niliiangalia. Kisha nikakata upande wa pili, wa tatu na wa nne, nikaliinua lile pande langu kwa viganja viwili, nikaliweka katika beseni. Daftarini niliandika joto la maji, na tarehe, na hali ya hewa. Habari ya sindano sikuiandika. Katika miaka ishirini na sita, hicho ndicho kipimo pekee nilichokificha.

Nilipoinuka, Fridolina alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo yake. Hakuwa amekiona kioo. Alikuwa ameliona beseni tu.

"Kumbe inawezekana," alisema.

Ilipofika saa nne, mstari ulikuwa umeanzia bwawani ukafika getini. Walikuja na mabeseni, sufuria, vibuyu, hata karai la kuchanganyia saruji. Mimi ndiye niliyeonyesha namna ya kukata, maana wangeharibu. Watu walishukuru. Walikuwa wapole na kile kiumbe, walikibeba kama mtoto mchanga, na mwanamke mmoja alikivulia kitenge chake akakifunika kisipigwe na upepo. Kwa wema wote huo tulikigawa vipande mia nne na kumi na viwili.

Nyuzi 19

Beseni halipashwi na maneno. Kiwiko kikisema maji yamepoa, unaongeza kuni. Kila nyumba ya Kihulila ikawa na moto mchana kutwa na usiku kucha, mtu wa zamu akiulinda, na yale mashamba ya miti ya miwati tuliyopanda kwa ajili ya watoto wetu yakaanza kuonyesha mapengo. Bomba la kituo lilisimama safi, bila hata uzi wa moshi. Chini yake tulikohoa kuliko zamani.

Bado tulilala saa nane. Lakini msitu ulikuwa umekatwakatwa kama tulivyoukata. Siku ya kwanza nilijikuta mahali pangu, nikainua macho kutafuta jirani, nikakuta ukungu mweupe umesimama kama ukuta hatua chache kutoka nilipo. Fridolina sikumwona, wala mwalimu. Kulikuwa na miti miwili, na mama.

Mama alikuwa na nafasi ya hatua tatu. Alizitembea, akafika kwenye ukungu, akageuka, akazirudia. Mikono ilikuwa nyuma kama kawaida yake. Hatua tatu, anageuka. Niliwahi kumwona mbuzi aliyefungiwa kamba fupi akiisha kula majani yote ya duara lake, na nilipoamka nilijikuta namkumbuka mbuzi yule. Nilimwangalia mama kitandani, nikashindwa kumuuliza chochote.

Ilichukua wiki tano Sabas aje kwangu. Alikaa jikoni, macho mekundu kwa moshi, akaniambia mashine yake ya kupimia hewa inasoma uchafu mara mbili ya ule wa siku za tanuri. Hakunilaumu. Alisema hata mama yake ana beseni, na yeye mwenyewe ameamka usiku kulichochea.

"Shangazi, juzi nilimimina la mama ndani ya la mama mdogo," alisema. "Kabla chai haijapoa vilikuwa kimoja."

Nikamuuliza vikirudishwa bwawani, kwenye baridi ile, vitaishi muda gani. Alisema wiki tatu, pengine nne kama mvua zitachelewa. Vikibaki majumbani vitaishi miaka na miaka, mradi kuni zipo. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa na miaka sita, anapotaka mtu mzima amwambie la kufanya. Nilitamani kumpiga kofi. Nilikuwa na mama mwenye hatua tatu, na mtoto huyu alikuwa akinitaka nichague kati ya hatua tatu za miaka mingi na msitu mzima wa wiki tatu.

Nilimwambia aitishe mkutano, kisha nikaingia chumbani kwa mama. Nilimweleza yote, hata habari ya kisu. Nilipofika kwenye swali lenyewe, nikiwa nimemshika mkono wa kushoto, niliogopa. Sikuuliza. Nilijua akiminya mara moja, yaani ndiyo, nitasema ameamua yeye, na maisha yangu yote nitajificha nyuma ya mkono ule. Nikauachia. Alinikazia macho muda mrefu, na bado sijui kama yalikuwa ya hasira.

Ukumbini watu walikuwa wamekwishakasirika kabla Sabas hajafungua mdomo. Fridolina alisimama akasema yeye ni mjane, hana mtoto nyumbani, na kile kipande chake ndicho kinachomngoja mchana. "Kidogo changu kinanitosha," alisema. "Wenye kutaka kikubwa wakatafute chao." Wengi waliitikia, na sikuwaona wabaya.

Nikasimama na daftari. Niliwasomea ukurasa wa ile Alhamisi, joto la maji na hali ya hewa, kisha nikawaambia kilichokosekana. Niliwaambia kisu kilipoingia mashariki sindano iliruka magharibi, na kwamba niliiona, nikaendelea kukata, kisha nikawafundisha wao kukata.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama kile kiumbe kinasikia maumivu.

"Sijui," nilisema. "Ninachojua ni kwamba upande wa pili ulijua. Kaa la moto ukilipalia, moto haujui. Huu ulijua."

Fridolina alikuwa bado amesimama. Alikaa polepole. "Mimi nilikata mara mbili," alisema baadaye, bila kumtazama mtu. "Ndoo ya kwanza niliiona ndogo."

Hakuna aliyepiga kura. Kesho yake asubuhi nilibeba beseni la mama hadi ukingo wa mashariki, nikapiga magoti palepale, nikalizamisha ndani ya maji yaliyonifanya nikunje vidole. Kipande kilielea, kikajikunja kwa baridi, kikajikunjua. Nilikaa nacho nikidhani nitakuwa peke yangu siku nzima. Halafu nikasikia kishindo cha ndoo, na Fridolina akapiga magoti kando yangu akimimina chake, akiongea nacho kwa Kipangwa maneno ambayo mtu humwambia mgeni anayeondoka. Jioni ya siku ya tatu mabeseni yote mia nne na kumi na mawili yalikuwa matupu, na sindano kiunoni mwangu ilikuwa inakwenda na kurudi tena, taratibu mno.

Nyuzi 13

Ulirudi mzima, lakini ulirudi katika majira mengine. Msituni majani yalikuwa yameanza kuanguka. Hatukujua kwamba miti ile ilipukutisha. Yalishuka moja moja, mekundu na ya njano, mapana, yakifunika mapaja ya watu walioketi, na hakuna aliyeyapangusa. Jirani zetu walikuwepo tena. Fridolina alinitikisia kichwa kutoka kwenye mzizi wake, nikamtikisia, na nilipoamka nililia kwa furaha kama mjinga.

Mama alitembea. Alitembea kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitalini, akapita watu wote, akaenda mbali hadi nikawa namwona kama doa kati ya mashina, akarudi. Kila mchana majani yalikuwa machache matawini na mwanga mwingi chini. Kila asubuhi nililizunguka bwawa nikaandika: kumi na saba, kumi na tano, kumi na nne. Rangi ya Mkeka ilikuwa ikififia kutoka katikati. Nyuma yangu malori yalikuwa yakimwaga mchanga ndani ya tanuri, mchanga mweupe wa ziwani, siku nzima, na hewa ilikuwa safi kiasi kwamba milima ya ng'ambo ya Ziwa Nyasa ilionekana. Nilikuwa sijawahi kuiona kutoka Kihulila. Niliiona nzuri, na nilikasirika kwamba ni nzuri.

Siku ya ishirini na tatu sindano ilikuwa ikisogea upana wa ukucha. Saa nane nililala kwenye jamvi langu kama kawaida, harufu ikaja hafifu, ya kuitafuta.

Msituni miti ilikuwa mitupu. Niliketi mahali pangu. Mama alikuja akitokea kwenye maji meusi, na safari hii hakunipita. Alisimama mbele yangu, akaitoa mikono yake nyuma, akanipa mmoja, wa kulia, ule uliokufa. Miaka yote ile nilikuwa nimemtazama akitembea na haikunijia hata mara moja kwamba nami ninaweza kuinuka. Niliinuka. Tulitembea juu ya majani yaliyotufika vifundoni. Alikuwa na mwendo wa haraka kuliko wangu. Mahali fulani baada ya mzizi wa Fridolina mkono wake ulinitoka, yeye akaendelea, akakagua huku na huku, wala hakugeuka kuona kama nafuata. Nilitaka kumwita, na maneno hayakuja.

Niliamka saa tisa kasoro. Dirishani hapakuwa na harufu yoyote ila ya mchanga mkavu. Sindano haikusogea tena, siku hiyo wala baadaye.

Mama alikuwa macho, amelala chali kama nilivyomlaza, miguu yake miwili imenyooka chini ya blanketi mahali nilipoiweka asubuhi. Shavu lake lilikuwa limelowa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono wa kushoto, nikamuuliza, kwa sababu ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu.

"Uliketi wapi, mama?"

Akaniminya mara mbili.